Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Uvuvi wa Kentucky: Matawi Yazamishwe Pia Karibu na Ukingo

Kwa Mkurugenzi wa Kitengo cha Uvuvi,
Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Kentucky,
Frankfort.

Mheshimiwa,

Ninakuandikia kuhusu Ziwa Taylorsville, na hasa kuhusu miti na matawi ambayo idara yako huyazamisha majini ili samaki wapate maficho. Nimeandika kwa Kiswahili, na nakala ya Kiingereza nimeiambatisha, kwa sababu ombi hili si langu peke yangu: ni la wazee, akina mama na vijana wa Lexington na Louisville wanaozungumza lugha hii, ambao siku za mapumziko huenda ziwani na mishipi yao, ndoana na ndoo, lakini hawana mashua.

Nilizaliwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako baba zetu waliwavuta dagaa kwa taa katika usiku usio na mwezi. Huko samaki huitwa kwa mwanga. Nilipofika Kentucky nikaonyeshwa krapi, samaki bapa mwenye madoa meusi na mdomo mwembamba unaochanika upesi mvuvi akivuta kwa pupa, nikaelezwa kwamba yeye huitwa kwa kivuli. Ilinichukua misimu miwili kuamini. Siku hizi naweza kukaa saa nzima nikilitazama chelezo langu penye maji matupu bila kuguswa, kisha nikahamia hatua ishirini tu, mahali ambapo mti umeanguka majini, nikapata kitoweo cha nyumba nzima.

Sababu yake wataalamu wako wanaijua kuliko mimi. Tawi likikaa majini huota utelezi wa mwani, wadudu wadogo hushika humo, samaki wachanga huja kula na kujificha, na krapi naye hutulia katikati ya vijiti akiwasubiri. Ziwa hili si la asili. Ni Mto Salt uliozuiwa kwa bwawa na kujazwa mwaka 1983. Katika mabwawa ya umri huo, miti iliyofunikwa na maji hapo mwanzo huendelea kuoza na kukatika, hasa pale inapokutana na hewa, na ndiyo maana kazi mnayoifanya ya kukusanya miti halisi ya Krismasi baada ya sikukuu na kuizamisha katika maziwa ya jimbo ni kazi ninayoishukuru kwa dhati.

Ombi langu ni hili: sehemu ya miti hiyo izamishwe mahali ambapo mtu aliyesimama nchi kavu anaweza kupafikia kwa kurusha ndoana. Ramani zenu za mtandaoni zinazoonyesha yalipo matawi zinamfaa sana mwenye mashua na kipima kina, lakini anayevua kwa miguu anahitaji tawi lililo umbali wa mita 10 hadi 15 kutoka alipo, pamoja na kigingi kilichopakwa rangi ukingoni cha kumwonyesha aelekeze wapi mkono wake.

Najua kwamba si kila ukingo unafaa. Katika joto la kiangazi maji ya juu hupata moto na kuelea juu ya maji baridi, upepo hauwezi kuyachanganya, na tabaka la chini huishiwa hewa kadiri vitu vinavyooza huko vinavyoitumia. Mti uliotupwa katika tabaka hilo ni nyumba isiyoweza kukaliwa. Kwa upande mwingine, mti uliowekwa mahali penye kina kifupi mno utatumika majira ya kuchipua tu, maji yanapofika nyuzijoto 16 hadi 20 za Selsiasi na krapi wakasogea ukingoni kutaga mayai, kisha utabaki mtupu. Kwa hiyo napendekeza mchague kingo zinazoshuka ghafla, ambako kina cha futi 8 hadi 12 kipo karibu, mbali na mahali pa kushushia mashua na pa kuogelea. Miti ya Krismasi ina vijiti vingi vyembamba vinavyowapendeza samaki wachanga, ila vijiti hivyo havidumu. Ingechanganywa na matawi ya mwaloni, ambayo hukaa muda mrefu zaidi. Tena mti unaolazwa karibu na ukingo ungeelekeza ncha yake nchi kavu na shina lake kilindini, kwa kuwa ndoana inayovutwa kufuata mwelekeo wa matawi huteleza ikatoka, lakini inayovutwa kinyume chake hunasa kwenye panda, na kila ndoana inayokatika huacha uzi majini.

Ninaielewa pia hofu kwamba matawi hukusanya samaki waliopo bila kuwaongeza, na kwamba kuwaleta karibu na watu wengi ni kuwamaliza. Hofu hiyo ni ya haki. Taylorsville ina kanuni yake ya krapi, yaani urefu usiopungua inchi 9 na samaki wasiozidi 15 kwa mtu kwa siku, nami naomba kanuni hiyo iandikwe kwa Kiswahili penye kila kigingi, pamoja na maelezo kwamba kila mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea anahitaji leseni. Iandikwe vilevile kwamba hairuhusiwi kujizamishia matawi bila kibali, kwa kuwa ziwa liko chini ya Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani. Jirani yangu mmoja, mtu mwema kabisa, alikuwa amekwisha kufunga matawi ya mwerezi kwenye matofali ya saruji ndipo tukamweleza; hakuwa na nia ya kuvunja sheria, alitaka tu wajukuu wake wapate samaki.

Nguvu kazi ipo. Tuko tayari kupita mitaani kwetu baada ya Krismasi, kukusanya miti, kuivua mapambo na nyaya zote, kuifunga uzito na kuifikisha ziwani siku mtakayoipanga. Tunachohitaji kutoka kwako ni kibali, mashua moja ya idara, na mtaalamu wa kutupimia kina.

Wako mwaminifu,
Mvuvi wa ukingoni,
Lexington, Kentucky.