Risala ya Kamati ya Shule kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Darasa la Saba

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,
Mwalimu Mkuu na walimu,
Wazazi, wahitimu na wageni waalikwa,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu yako mengi na barabara yetu, ambayo umejionea mwenyewe.

Shule ilianza na vyumba viwili vya udongo. Historia nyingine ipo ofisini. Mafanikio ni makubwa. Bendera ni mpya, choo cha wasichana kimeezekwa, na mwanafunzi wetu alishika nafasi ya pili katika mashindano ya hisabati ya kata, akizishinda shule zote isipokuwa moja.

Ndugu Mgeni Rasmi, hapo kwenye hisabati tunaomba tusimame kidogo.

Kuanzia darasa la tano, hisabati si kujumlisha na kutoa tena. Kuna sehemu, desimali, asilimia na uwiano, halafu mzingo, eneo, ujazo na pembe. Haya hayafundishiki kwa mdomo mtupu. Watoto wetu wanaimba "eneo la mstatili ni urefu mara upana" kuishinda kwaya, lakini mpeleke mmoja shambani kwao, hajui aanzie wapi. Babu yake anapima ekari kwa hatua 70 kwa 70. Kitabu kinasema ni mita za mraba 4,047 hivi. Wa kuwapatanisha babu na kitabu ni futi kamba, nayo shule haina hata moja. Mwalimu anachora duara ubaoni kwa chaki iliyofungwa kamba ya katani. Darasa la saba, mkebe mmoja wa vifaa vya hisabati unazunguka madawati matatu, na bikari yake haina ncha. Mtoto anayeshika kipimapembe kwa zamu atajuaje asome nyuzi 60 au 120?

Ombi letu la vifaa hivi si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi, akiwa hapohapo ulipoketi, aliahidi mikebe ya madarasa matatu kabla ya muhula kufungwa. Muhula upi, tulisahau kuuliza. Wa mwaka jana aliahidi kumkumbusha wa mwaka juzi. Tunawashukuru wote wawili; makofi tuliwapigia.

Safari hii muda unatubana. Walioanza darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya watahitimu darasa la sita mwaka 2027, mwaka huohuo na wa darasa la saba. Madarasa mawili kwa mpigo, mkebe uleule.

Tunaomba mikebe 120, futi kamba 6, mzani mmoja, na bikari, kipimapembe na pembemraba za ubaoni. Wazazi tumeshachonga kabati la kuvitunzia, lina kufuli na ufunguo anao mwalimu wa taaluma. Kabla ya chakula utafunguliwa ulione. Ndani ni tupu.

Kitabu cha wageni nacho tumekiboresha: pembeni ya safu ya ahadi, safari hii kuna safu ya tarehe.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Shule.