Bakteria huyu hatoboi seli

Mhariri,

Makala yenu ya afya ya wiki iliyopita ilisema bakteria "huitoboa" seli ya mwili na kupenya ndani. Ninafundisha baiolojia sekondari hapa Njombe, na siku mbili baada ya gazeti kufika shuleni nililikuta neno hilo kwenye madaftari ya wanafunzi. Naomba nilisahihishe.

Mchukueni Listeria monocytogenes, anayetuingia kwa chakula. Kwenye ukuta wake ana protini iitwayo internalini. Seli za utumbo wetu nazo zina E-kadherini, protini inayozishikanisha na jirani zake zisiachane. Mwaka 1996 timu ya mtafiti wa bakteria Pascale Cossart, Taasisi ya Pasteur, Paris, ilionyesha kuwa internalini huishika E-kadherini hiyohiyo. Zikishashikana, utando wa seli humzunguka bakteria kidogo kidogo, kama zipu inavyofungwa, hadi seli imemmeza yenyewe. Hakuna tundu lililotobolewa.

Ushahidi unaonisisimua zaidi ni wa panya. Panya wa maabara hulishwa Listeria wengi, lakini wanaovuka utumbo wake ni wachache mno. Sababu ilijulikana mwaka 1999: asidi amino (vipande vinavyounganishwa kuunda protini) ya 16 kwenye E-kadherini ya binadamu ni prolini, ya panya ni asidi glutamiki. Asidi amino moja, katika protini yenye mamia! Watafiti walipoibadilisha hiyo moja ya panya kuwa prolini, internalini ikaishika. Simbilisi, hawa tunaowafuga majumbani huku Nyanda za Juu Kusini, wana prolini kama sisi. Kama ingekuwa ni kutoboa tu, panya angeponea wapi?

Wala si habari ya darasani peke yake. Afrika Kusini, mwaka 2017 hadi 2018, watu zaidi ya 1,000 waliugua kwa Listeria wa kwenye poloni (soseji nene ya kukatwa vipande), na zaidi ya 200 wakafa. Kundi kubwa la wagonjwa lilikuwa watoto wachanga, maana kondo la nyuma nalo lina vipokezi (protini za juu ya seli) anavyovishika bakteria huyu, akavuka kutoka kwa mama hadi kwa mtoto tumboni. Friji haimzuii, humo huendelea kuzaliana taratibu.

Poloni na soseji siku hizi zinauzwa hata katika maduka yetu ya mtaani. Mkichapa masahihisho, naomba muwaambie pia wajawazito wasizile zikiwa za baridi, bali wazipashe moto mpaka zifuke mvuke.

Mwalimu wa Baiolojia,
Njombe