Risala ya Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi, Jioni ya Diwali Shuleni

Mheshimiwa mgeni rasmi, Afisa Elimu Sekondari wa wilaya yetu, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi, majirani wa shule na wanafunzi wenzetu: asalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, namaste. Na kwa kuwa mwaka mpya wa Wagujarati umeingia juzi, pokeeni pia salamu ya msimu huu: Sal Mubarak.

Mheshimiwa mgeni rasmi, neno la pili la salamu hiyo halihitaji mfasiri hapa Dar es Salaam. Wenzetu Waislamu walipolisikia darasani mara ya kwanza walituuliza sisi Wahindu, "Kumbe nanyi mnasema mubarak?" Tukawajibu kwamba ndivyo babu zetu wanavyosalimiana kila mwaka. Swali hilo ndilo lililozaa shughuli ya leo.

Miaka ya nyuma Diwali, sikukuu ya taa, ilifika shuleni kama boksi la mithai juu ya meza ya walimu, na mtaani ilisikika kama mlio wa fataki nyuma ya geti. Aliyekula alishukuru, aliyeshtuliwa na fataki alifunga dirisha, na wote wawili wakalala bila kujua tunasherehekea nini. Hilo lilituuma. Tukakubaliana, sisi wa kikundi cha utamaduni, Wahindu na wasio Wahindu, kwamba safari hii tutaandaa pamoja tangu mwanzo hadi kufagia.

Tulianza na jina. Wengi hapa nchini husema Diwali ni sikukuu ya Wahindi. Lakini si kila Mhindi ni Mhindu: miongoni mwa wenzetu wenye asili ya India wapo Waismailia na Mabohora, ambao ni Waislamu, na wapo Wagoa, ambao ni Wakristo. Tena Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, na Masingasinga nao wana sababu zao za kuwasha taa siku hizo. Kwa Wahindu wengi, taa hizi zinakumbusha jinsi watu wa mji wa Ayodhya walivyomlaki mwana wa mfalme wao, Ram, aliporudi na mkewe Sita na mdogo wake Lakshman baada ya miaka 14 ya kuishi msituni, akiwa amemshinda Ravan, mfalme wa mashetani. Usiku huohuo familia humkaribisha Lakshmi, mungu wa kike wa neema, naye haingii nyumba chafu wala yenye giza. Ndiyo maana mama zetu hushinda wiki nzima wakisugua na kupangua makabati.

Mheshimiwa mgeni rasmi, jambo lililotugusa zaidi tuliligundua tulipotundika kalenda mbili ukutani, ya Kiislamu na ya Kihindu. Waislamu hungoja mwezi uandame. Watu hutoka nje na wengine hupanda darini kuutafuta. Diwali huja usiku ambao mwezi haupo kabisa. Baada ya siku moja au mbili tangu taa zetu ziwashwe, mwezi huandama, na wenzetu huanza kuhesabu mwezi wao mpya. Miaka yote tumekaa dawati moja tukitazama anga moja, na hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake. Tofauti ni kwamba kalenda ya Kihindu huongeza mwezi mmoja wa ziada kila baada ya takriban miaka mitatu, kwa hiyo Diwali haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani. Mwaka 2023 iliangukia Novemba 12, na mwaka 2025 Oktoba 20.

Msimu huo una maana kubwa kwa pwani yetu. Ni wakati ambao mvua kubwa za India zimekwisha na upepo wa kaskazi unakaribia. Wafanyabiashara wa Gujarat na Kachchh, magharibi mwa India, walifunga hesabu za mwaka kwa Diwali, wakafungua daftari jipya, na majahazi yakapakiwa nguo kuja Zanzibar na Mrima kwa kaskazi, ili yarejee kwa kusi. Baadhi ya maneno ya biashara yao yalishuka bandarini na hayakurudi: hundi, laki, bima. Mpaka leo daftari jipya huwekwa mbele ya sanamu ya Lakshmi, na huandikwa Shubh na Labh, yaani heri na faida. Heri inatangulia. Mkiona duka la mjini limefungwa siku kadhaa baada ya Diwali, mwenyewe huenda anangoja Labh Pancham, siku ya tano ya mwaka mpya, ndipo afungue.

Taa mnazoziona mbele yenu ni vibakuli vya udongo tulivyofinyanga wenyewe. Vingine vimepinda, tumevipenda hivyohivyo. Tambi tumezisokota kwa pamba. Rangoli, pambo la sakafuni lililo mlangoni, imechorwa kwa unga wa rangi na wasichana ambao mikono yao imezoea kuchora hina za harusi, na walimu wao walikuwa bibi wawili wa Upanga waliokaa nasi chini sakafuni mchana kutwa. Chakula cha leo hakina nyama, samaki wala mayai, na sahani za Wajaini hazina hata kitunguu wala kiazi. Tumeweka ladu wa Kigujarati wa samli pembeni ya ladu wa Unguja mwenye tangawizi na pilipili manga, tukiwaomba wageni waonje wote wawili.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunalo pia la kukiri. Mwaka juzi fataki iliyorushwa na mmoja wetu iliangukia bati la jirani wa shule, na mtoto wake mchanga alilia usiku kucha. Tulikwenda kuomba radhi tukiwa na wazazi wetu. Tangu hapo tuliacha fataki. Jirani huyo tunaye hapa leo, na mtoto wake amewasha taa tatu.

Tuna ombi moja. Diwali si sikukuu ya taifa Tanzania, nasi hatuombi shule zifungwe. Wenzetu wa Kenya wanayo sheria inayoitambua kuwa siku ya mapumziko kwa Wahindu. Sisi tunaomba kidogo kuliko hapo: kwamba siku ya Diwali mwanafunzi Mhindu aruhusiwe kubaki nyumbani, na majaribio ya ndani ya shule yasipangwe siku hiyo. Msimu huu ni wa maandalizi ya mitihani, na wapo wenzetu waliofanya jaribio la hesabu asubuhi huku familia zao zikiwangoja wafanye ibada. Tarehe hujulikana mapema. Tuko tayari kuileta ofisini kwako kila Januari.

Mheshimiwa mgeni rasmi, taa zote zimetiwa mafuta isipokuwa moja, ile kubwa ya katikati, ambayo tumeitia samli. Hiyo tumekuwekea wewe. Ukishaiwasha, kila mmoja wetu atachukua moto kutoka kwako na kumpelekea aliye nyuma yake, mpaka kwa mlinzi wetu kule getini, ambaye tayari ameshika taa yake.

Naomba kuwasilisha.