KUH: Malalamiko juu ya safari ya theluji ya Gudauri na mwanangu wa miaka mitatu

Kwa Meneja,

Assalaam alaykum.

Naanza kwa salamu kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, si kwa sababu moyo umetulia. Tumerudi Maskati Jumamosi, leo Alhamisi. Barua hii nimeiandika mara tatu na kuifuta mara tatu kwa ukali wa maneno yake. Hii ya nne naituma kama ilivyo.

Sina haja ya kukuelezeni mlichoniuzia. Karatasi ni yenu, na kipengele cha sita mnakijua kuliko mimi: mwalimu wa peke yake wa skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa vibao virefu miguuni, kwa mtoto aliye chini ya miaka minne, vifaa vya kipimo chake, na uwanja wa watoto wenye mkanda unaojiendesha wa kupandia mteremko. Hayo matatu ndiyo yaliyonitoa riali zangu. Gudauri, kijiji chao cha skii mlimani, ningefika mwenyewe. Sisi Waomani hatuombi viza kuingia Georgia, na kutoka Tbilisi, mji wao mkuu, ni mwendo wa kilomita 120 tu. Nilikulipeni ili nisihangaike na mtoto mdogo mlimani.

Mguu wa binti yangu ni sentimita 15 na nusu. Niliupima kwa rula, nikaupiga picha, nikakutumieni kwa WhatsApp wiki mbili kabla, mkanijibu kwa kidole gumba. Buti za skii zinapimwa kwa sentimita, na kipimo kimepigwa chapa kwenye buti lenyewe, hata asiyejua kitu anaweza kukisoma. Tulichopewa ni 18 na nusu. Kijana wenu, yule mwakilishi wenu wa pale Gudauri, akasema tumvishe soksi jozi mbili. Mimi niliyekulia kwenye joto la Maskati nilishasoma kwamba soksi ni moja, nyembamba, ya sufu. Ya pili inajikunja kifundoni, inabana, na mguu unazidi kupoa. Tena ndani ya buti linalopwaya mtoto anageuza mguu, skii haina habari naye. Nilimwambia hivyo. Akacheka. Mume wangu akabaki dukani kubishania buti nyengine, ndiyo maana hakuwepo wakati wa yale nitakayoyasema.

Mwalimu wa peke yake alikuja na watoto sita. Mdogo wao alikuwa na miaka minane au tisa, wote wanangojea kupanda vile viti vya kuning'inia vinavyopandisha watu mlimani. Akamtazama binti yangu kama mtu aliyeletewa mbuzi ofisini, akasema neno moja na kijana wenu, akaondoka na watu wake. Simlaumu sana. Naye nadhani hakuambiwa.

Kijana wenu akasema: "Basi, nitamfundisha mimi."

Alimvuta kwa mkono mpaka katikati ya mteremko wa watoto, akamwachia, akarudi nyuma hatua kumi, akatoa simu. Skii ya kushoto ikafyatuka. Mtoto akakaa kitako kwenye theluji, glovu ya kulia imemtoka, anaita, "Mama! Mama!" Mimi niko nje ya wavu. Nikataka kupita. Kijana wenu akaninyanyulia kiganja kama trafiki, jicho bado liko kwenye simu, akasema: "Bi mkubwa, toka kwenye picha."

Bi mkubwa. Sijatimiza hata miaka thelathini na tano.

Kabla sijaendelea, kuna suala la gari, ambalo lilikuwa la usiku wa kwanza na ningelitaja mwanzo lau si hasira. Mlituandikia kwamba kiti cha mtoto kitakuwemo. Hakikuwemo. Tulipanda barabara ile ya milimani usiku, malori ya kwenda mpaka wa Urusi yametutangulia na mengine yanatufuata, kona juu ya kona, na mimi nimempakata mtoto kama tuko ndani ya daladala ya Fuoni. Nilipiga nambari yenu ya dharura. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena tulipofika. Ile ile.

Nirudi pale wavuni, maana naogopa mtaisoma haraka kisha mseme mtoto alilia kidogo, watoto ndivyo walivyo. Lilikuwa baridi la nyuzi tisa chini ya sifuri. Lilikuwa limeandikwa kwenye kibao pale pale. Mkono wa mtoto wa miaka mitatu ulikuwa wazi juu ya theluji, anaichimba kutafuta glovu, na vidole vimekuwa vyekundu kama vilivyotiwa hina ya jana. Hakuwa analia kwa deko. Ile sauti naijua, ni ya mtoto aliyeamini kwamba ameachwa. Na mtu mzima, anayezungumza Kiswahili cha kwetu cha Unguja, aliyemsikia na kumfahamu neno kwa neno, alikuwa akimwambia, "Cheka kidogo, habibti, cheka." Nikasema, "Mwanangu mkono umeganda." Akasema, "Mwache alie, ndiyo utamu wa video." Kisha ndipo akanyanyua kile kiganja. Toka kwenye picha. Mimi mama yake ndiye niliyekuwa naharibu picha.

Aliyekimbia kumsaidia ni mzee wa Kigeorgia anayesimamia ule mkanda. Alimnyanyua, akasikia "mama, mama," akaanza kuangaza huku na huku, akanipita mimi niliyekuwa nimepunga mikono yote miwili, akaenda kumkabidhi kwa mwanamume aliyekuwa karibu. Na huyo mwanamume alikuwa nani? Kijana wenu, simu mkononi. Baadaye nilielezwa kwamba kwa Kigeorgia "mama" ni baba, na mama ni "deda". Yule mzee hakukosa hata chembe, alisikia mtoto anamtaka baba yake, akampelekea. Hilo neno moja mwakilishi wenu anayeishi pale msimu mzima analijua. Angeweza kusema. Alimpokea mtoto na akaendelea kupiga video. Hapo nikaupita wavu, koti likachanika begani kwenye kulabu. Picha ya koti nimeiambatisha, ya vidole pia.

Siku ya pili tulitafuta mwalimu wenyewe. Tulimpata mama mmoja wa makamo, tukamlipa lari 150, pesa za Georgia, kwa saa kutoka mfukoni mwetu. Nataka mjue alichokifanya, kwa sababu ndicho mlichoniuzia. Nusu saa ya kwanza hakumvisha skii. Alimtembeza na buti tu, buti la kipimo chake, ambalo lilikuwepo kijijini muda wote, duka la tatu kutoka lile lenu. Kisha skii moja, anasukuma kwa mguu wa pili kama mtoto wa baiskeli ya magurudumu matatu. Kisha zote mbili, pahali tambarare. Skii zenyewe za sentimita 80, ncha za mbele zimefungwa kwa kijikamba cha mpira zisiachane. Akamwonyesha kuziweka kama kipande cha pitsa ili asimame, na sambamba kama chipsi ili aende. Binti yangu alikwenda mita kama sita peke yake, akasimama mwenyewe, akapiga kelele, "Pitsa!" Hapakuwa na mtu aliyeshika simu. Sisi wenyewe tulisahau kupiga picha.

Nilipokuwa naanza barua hii nilikuwa nataka vitu viwili: mnirudishie riali 45 za mwalimu na vifaa, na mniombe radhi kwa maandishi. Ningekuwa nimeishia hapo.

Lakini Jumatatu shemeji yangu amenitumia ile video. Mmeiweka kwenye ukurasa wenu. Sekunde 51, mwanangu kakaa kwenye theluji analia, mmemtilia muziki wa kuchekesha, na chini mmeandika, "Siku ya kwanza ya skii, raha mstarehe!" Sauti yake mmeifuta. Mkono wake mwekundu unaonekana. Nani alikupeni ruhusa? Sikusaini kitu. Baba yake hakusaini. Nimepiga simu ofisini, nikaambiwa video "inafanya vizuri" na kwamba meneja yuko kikaoni.

Kwa hivyo sasa nataka pesa za safari nzima, za watu watatu, si za mwalimu peke yake. Nataka video ishushwe leo, si baada ya kikao. Nataka niandikiwe kwamba imefutwa na kwenye simu ya yule kijana. Na radhi yenu naitaka kwa jina la binti yangu, si "mteja mpendwa".

Nakupeni siku saba kuanzia leo. Ya nane nitakuwa kwenye Mamlaka ya Kumlinda Mtumiaji, na sheria ya Amri ya Kifalme nambari 66 ya mwaka 2014 nitakwenda nayo imekunjwa mkobani pamoja na karatasi yenu ya kipengele cha sita. Suala la picha ya mtoto mdogo lina sheria yake nyengine ya mwaka 2022, na kaka yangu ni wakili, hilo ataliendea yeye. Wala msidhani nitanyamaza kwengine. Waswahili wa Maskati mnatujua, wengi wa wateja wenu ni sisi. Mwezi huu nina harusi mbili na khitima moja, na kila pahali nitaulizwa, "Ehe, theluji ilikuwaje?" Nitajibu.

Mteja wenu wa zamani,

Mama wa mtoto mwenye koti la zambarau

N.B. Nimefungua ukurasa wenu kabla ya kutuma. Video bado ipo. Asubuhi ilikuwa imeandikiwa maoni 12, sasa 31. Soma la ishirini na tano, ameliandika mama yangu.