Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa 2024: Daftari la Kura za Mbunge Wetu

Wanachama wenzangu,

Mkutano mkuu uliopita mlinituma kazi moja tu: tujue mheshimiwa, mbunge wetu, anapiga kura vipi kule katika Bunge la Kenya, tuachane na yale anayoyasema mazishini na kwenye harambee. Ninawaletea nusu ya jibu. Nusu ya pili imekwama, na nitawaeleza imekwama wapi.

Daftari analitunza katibu. Lina jalada gumu jeusi na kila ukurasa una safu nne: Ndio, La, Hakuwepo, na ya mwisho tumeiandika Sauti. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyojaa kuliko zote, na ndiyo imetunyima usingizi.

Kwa wale waliojiunga juzi, mambo huenda hivi. Spika akishauliza swali, wabunge huitikia kwa mdomo. Wanaokubali husema ndio, wanaokataa husema la, naye hutangaza upande aliousikia umeshinda. Mchezo umeisha. Kura ya kuhesabiwa, yenye orodha ya majina, hupatikana pale mbunge anapoidai na wenzake 30 au zaidi wakasimama kumuunga mkono, au pale Katiba inapotaka idadi maalumu. Miswada mingi haifiki huko. Hata ule unaofika, ukiingia kwenye kamati ya Bunge zima, ambako vifungu hupitiwa kimoja kimoja, vingi hupita kwa sauti. Na kodi inayomuumiza mama mboga mara nyingi imejificha ndani ya kifungu kimoja.

Mzee mmoja wa kamati yetu hupenda kutukumbusha Septemba 20, 2018, kikao maalumu kuhusu ushuru wa mafuta. Rais alikuwa amerudisha mswada akitaka VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, iwe 8%, na kumpinga kulihitaji theluthi mbili, yaani kura 233. Ukumbi ukageuka soko. Wapo waliopiga kelele, wapo waliotoka nje, ushuru ukapita. Baadaye kila mbunge alirudi nyumbani akasema yeye alikataa. Hakuna orodha ya majina ya kumkanusha yeyote.

Sasa kura zenyewe. Nitazungumzia nne tu, kwa sababu hizo zina majina.

Februari 21 ulipitishwa Mswada wa Nyumba za Gharama Nafuu, ambao ulirudisha kwa njia nyingine ile tozo ya 1.5% iliyokuwa imekataliwa mahakamani. Safari hii hata asiye na mshahara, mwenye kipato chake cha biashara, aliingizwa. Waliosema ndio walikuwa 141, waliokataa 58. Jumlisheni: ni 199. Bunge la Kitaifa lina wajumbe 349 ukimwacha Spika. Basi 150 hawakuhesabika upande wowote, kundi kubwa kuliko lile lililopitisha sheria. Mheshimiwa wetu alikuwa katika hao 150.

Hapa ni lazima nikiri kosa letu. Karatasi tuliyosambaza mwezi wa Machi ilisema alipiga kura ya Ndio. Aliyenakili orodha kutoka kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, aliruka mstari mmoja, akachukua kura ya mbunge mwingine anayefanana naye jina la mwisho. Wafuasi wa mheshimiwa walikuja juu, wakataka tuombe radhi hadharani. Tuliomba, na karatasi mpya ikachapishwa kwa gharama ya chama. Ila tulipofuta Ndio ilibidi tuandike Hakuwepo, na sijui kama hilo liliwafurahisha zaidi. Tangu siku hiyo hakuna kura inayoingia daftarini kabla ya watu wawili kuisoma, mmoja akitaja jina na mwingine akiweka kidole.

Alikuwa wapi siku hiyo? Swali hilo lilinisumbua mpaka nikapekua picha kwenye simu. Alikuwa hapa hapa kwetu, akigawa hundi za basari. Mimi mwenyewe nimo pichani, safu ya pili, ninapiga makofi.

Nimeitafakari sana picha hiyo. Kifungu cha 95 cha Katiba kinataja kazi za Bunge la Kitaifa: kuwakilisha wananchi, kutunga sheria, kugawa fedha za taifa, kusimamia matumizi na kuwachunguza wakubwa wa serikali. Hundi ya basari haimo. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya NG-CDF, hazina ya maendeleo ya maeneo bunge inayotoa basari hizo, inakiuka Katiba na kwamba hazina hiyo ikome Juni 30, 2026. Najua wengi wenu watoto wenu wanasoma kwa fedha hizo, na sisemi zikatwe kesho. Nasema tu kwamba siku ile tulimlipa makofi kwa kutokuwa kazini.

Mswada wa Fedha wa 2024 mnaujua, wengine mna makovu yake. Juni 20, uliposomwa mara ya pili, ulipata kura 204 dhidi ya 115. Wetu alisema Ndio. Alipoulizwa alijibu kwamba mkate, mafuta ya kupikia na ile kodi ya magari ya 2.5% vilikuwa vimeshatangazwa kuondolewa siku mbili kabla. Ni kweli vilitangazwa, na haki yake tumeiandika kando ya kura kwa kalamu nyekundu. Lakini yaliyobaki hayakuwa madogo. Juni 25, mara ya tatu, hesabu ilikuwa 195 kwa 106. Jina lake halimo kwa hao wala kwa hawa. Alasiri hiyo vijana waliingia Bungeni, risasi zikalia, watu wakafa. Kesho yake Rais akakataa kutia saini.

Wapo wanachama wanaotaka kutokuwepo kwa Juni 25 tukuhesabu kama kukataa. Kamati imekataa. Mtu aliyetaka kukataa alikuwa na nafasi ya kukataa, na wenzake 106 waliitumia.

Kura ya nne ni ya Oktoba 8, kumng'oa Naibu Rais Rigathi Gachagua. Hoja ilikuwa na saini 291, kura zilipohesabiwa zikawa 281 za ndio, 44 za la, mmoja hakuegemea popote. Wetu alitia saini na akapiga kura ya Ndio. Hapo hakuna la kumlaumu kuhusu uwazi, awe alikufurahisha au alikuudhi. Lakini tazameni mahudhurio: watu 326 kwa ajili ya kumng'oa mtu, 199 kwa ajili ya tozo inayokatwa kila mwezi. Kiranja, yule anayewakusanya wabunge wa upande wake kupiga kura, akitaka wapatikane, hupatikana.

Mwezi wa Agosti alikubali kukutana nasi ukumbini. Tunamshukuru, wengi hawakubali. Katibu alimsomea daftari, yeye akasikiliza kwa adabu, kisha tukafika kwenye kifungu kimoja kilichopita kwa sauti. Akasema, "Hapo nilisema la, tena kwa nguvu." Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango, mfanyabiashara wa mitumba, akainuka taratibu: "Mheshimiwa, sisi tulikuwa tunasikiliza redioni. Hiyo la yako ilikuwa ipi kati ya zile?" Ukumbi ulicheka, yeye pia akacheka. Lakini hakujibu, na safu ya Sauti ikabaki wazi.

Ndipo tukabadili namna ya kufanya kazi, na nadhani hili ndilo jambo la maana tulilolifanya mwaka mzima. Badala ya kumuuliza baada ya kura, sasa tunamwandikia kabla. Barua moja, ukurasa mmoja, kifungu tunachokihofia na swali la ndio au la. Pia tunamwomba asimame pamoja na wale 30 kudai kura ihesabiwe. Tumemwandikia mara tatu tangu Septemba. Amejibu mara moja, kwa maandishi, na jibu limebandikwa kwenye jalada la ndani. Barua mbili zisizojibiwa nazo zimeandikwa, pamoja na tarehe zilipopokelewa na muhuri wa ofisi.

Kuhusu hoja ya kumrudisha nyumbani kabla ya muda, niliyoahidi kuichunguza: Kifungu cha 104 cha Katiba kinawapa wapiga kura haki hiyo, lakini vifungu vya Sheria ya Uchaguzi vilivyoeleza utaratibu vilibatilishwa kwa sehemu na Mahakama Kuu mwaka wa 2017. Isitoshe, ombi hupelekwa kwa IEBC, tume ya uchaguzi, na mwaka wote wa 2024 tume hiyo haikuwa na makamishna. Walioanza kukusanya saini naomba wazihifadhi vizuri. Mwaka huo hapakuwa na mlango wa kubisha.

Fedha: mweka hazina atasoma hesabu zake mwenyewe. Mimi nataja tu kwamba matumizi makubwa yalikuwa ya uchapishaji, na sehemu yake ni ile karatasi ya kuomba radhi.

Kijana aliyekuwa akitusomea Hansadi amepata kazi mbali, tumemuaga kwa soda na shukrani. Tunahitaji wasomaji wawili wapya. Sharti ni uvumilivu, macho mazuri, na usiwe na deni la basari kwa mheshimiwa. Mwenye nia amwone katibu kabla hatujafunga kikao, daftari liko mezani kwake.