Barua kwa mwanangu: usivuke kwa ajili yetu

Mtambwe, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya salamu, mimi na mama yako tu wazima, alhamdulillah, na nyumba imesimama. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ulilokuwa ukiliuliza juzi usiku kabla simu haijakatika. Umeme ulikuwa umezimika tangu asubuhi na simu ya mama yako ikaishiwa chaji, hapakuwa na jambo jingine. Ule ukuta ulioporomoka, ambao picha yake imekufikia huko Unguja, si wa nyumba yetu. Ni wa banda la udongo la jirani, lililokuwa tupu tangu mwaka jana, na hakuna aliyeumia.

Sasa nisikilize vizuri. Mama yako ameniambia kwamba umemwahidi kupanda chombo chochote utakachokipata, hata ikiwa ni mashua ya mizigo ya kutoka Mkokotoni, ilimradi ufike kwetu kabla ya Ijumaa. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kupandishiana sauti, na neno hili nataka ulisome ukiwa umetulia. Usivuke kwa mashua, usivuke usiku, na usivuke kwa ajili yetu, kwani hapa hapana mtu wa kuja kuokolewa.

Upepo wa kusi umeshaingia. Alfajiri nikitoka msikitini nausikia ukipita katika minazi, na redio inairudia ile tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Ukishaiacha ncha ya Nungwi huna tena pa kujikinga, na mkondo wa maji unaoelekea kaskazini mwaka mzima huzidi nguvu katika miezi hii. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 sina haja ya kukusimulia, wala sina haja ya kukutajia tuliyekuwa tukimngojea. Nakukumbusha tu kwamba MV Spice Islander, iliyozama usiku ule ikija Pemba, ilikuwa meli, na kwamba haukutimia mwaka MV Skagit nayo ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, tarehe 18 Julai 2012. Zote mbili zilikwenda katika miezi ya kusi. Ikiwa meli zilishindwa, niambie mashua iliyopakia saruji na magodoro, na watu wamekaa juu yake, ina nini cha kuizidi meli.

Umesema pia kwamba mimi na mama yako tunajitesa, na kwamba wazee waliokwisha pata kiinua mgongo hawana sababu ya kwenda kuyaanza maisha shamba wakati wa mvua. Maneno hayo yalimuuma mama yako zaidi ya ulivyodhani, ingawa kwenye simu alikuitikia kwa upole. Mimi sitakwambia mkataa kwao mtumwa, kwa kuwa kwenu ni Unguja kama palivyo hapa, na mimi mwenyewe ndiye niliyekulea mjini. Lakini hujayaona masika yetu haya ya kwanza, na unayahukumu kwa picha ya banda la mtu mwingine. Basi nikueleze tunavyoishi, labda moyo wako utatulia na utaacha kuitazama bahari.

Tulirudi kaskazi likielekea ukingoni, ardhi ikiwa ngumu kama sakafu, na kwa wiki mbili za mwanzo viganja vyangu vilichubuka kwa jembe hata nikashindwa kushika kalamu. Mvua za kwanza zilipoulainisha udongo nilichimba mashimo 27 katika kile kipande cha juu, ambako mikarafuu ya babu yako imezeeka na mingine imekauka. Miche niliipata kitaluni, mirefu kiasi cha mkono mpaka kwenye kiwiko, na kila mmoja nimeutilia samadi ya ng'ombe na kuuchomekea makuti upande wa jua, kwa sababu mkarafuu mchanga hauvumilii jua kali. Minne imekufa. Iliyobaki imetoa majani mapya mekundu, laini kama ngozi ya sikio la mtoto, na kila asubuhi kabla ya chai nakwenda kuitazama mmoja mmoja, nikiinua makuti na kuondoa konokono. Kazi hiyo hunichukua saa nzima, na sijawahi kuwa na saa nzuri kuliko hiyo katika miaka 34 ya kufundisha.

Najua utauliza nani atazichuma karafuu hizo. Mkarafuu huchukua miaka kama saba hivi kabla haujaanza kuzaa, na wakati huo nitakuwa naukaribia umri wa miaka 70, umri wa kupokea pencheni jamii, ile ambayo shangazi yako amekuwa akiipata tangu ilipoanza mwaka 2016. Simpandii mtu kwa kumlazimisha. Wajukuu wakitaka watachuma, na wasipotaka miti itakuwepo. Mimi niliyefundisha historia miaka yote nilikuwa nikiwasomesha watoto habari za tufani ya Aprili 1872, iliyoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ndiyo yenye karafuu, na nilikuwa nikiisoma kama tarehe ya mtihani. Sasa upepo ukivuma usiku huamka nikaenda dirishani kwa ajili ya miche 23, na hapo ndipo huwafikiria watu wa Unguja waliotoka nje asubuhi ile. Na upepo ndio huo unaoufanyia mzaha, mwanangu, ukisema kwamba nahodha anaujua.

Mama yako amepata bonde. Wanawake wa mtaa walimgawia kipande kando ya kijito, wakaburuga pamoja na kupanda mwishoni mwa Machi, na mpunga sasa umefika gotini, kijani chake kinang'aa mpaka macho yanafumba. Wameshapangana zamu za kuamia ndege utakapoanza kutoa masuke, na yeye amechukua zamu ya asubuhi mapema. Nilimwambia mgongo wake hautaki kuinama. Alinijibu kwamba mgongo wake uliinama juu ya vitanda vya wazazi wanaojifungua kwa miaka 30 bila ya mimi kuuliza, na sikuwa na la kusema. Mchana hukaa barazani na kile kipimo chake cha shinikizo la damu, na wanawake huja na watoto wao, mmoja akipimwa, mwengine akiulizwa amefika lini kliniki, na anayestahili kukemewa hukemewa. Mtu aliyestaafu hakustaafu kweli. Naliandika hili kwa furaha, kwa sababu mjini, katika ile miezi sita ya mwisho, nilimwona akikaa kimya mbele ya televisheni na nikaogopa.

Unyevu ndio unaotusumbua, sitakuficha. Nguo hazikauki siku mbili tatu, vitabu vyangu vimeota ukungu kwenye migongo, na chumvi imekuwa maji. Mama yako amelitoa tenga lake la kufukizia udi, huweka makaa machache chini yake, akazitandaza juu kanzu zangu na kanga zake mpaka zinapokauka, na nyumba nzima hunukia moshi wa karafuu kwa sababu huchanganya na makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Bati lilikuwa likivuja pahala pawili, juu ya mlango wa ukumbi na juu ya kitanda cha wageni, yaani chako. Nimepanda mwenyewe kulitengeneza. Hapo najua utanikasirikia, na una haki, lakini ngazi ilishikwa na vijana wawili na mvua ilikuwa imekatika.

Mbao za paa ulizozilipia hazijapinda hata moja. Fundi alipokuja alizigonga kwa nyundo, akauliza ni nani aliyezichagua, nikamwambia ni mwanangu. Sikukwambia siku ile, nakwambia leo.

Kuna jambo jingine ambalo limekuwa likinizunguka tangu juzi. Ile safari ya mashua ya kuwahi mazishi ya bibi yako, ulipokuwa na miaka tisa, unaikumbuka kuliko mimi, kwa hiyo sitaieleza. Lakini watu wakiizungumza husema kwamba nahodha yule alikuwa mtu wa hatari, aliyepakia watu bila ya huruma, na miaka yote nimewaacha waseme. Nahodha yule hakutuita. Alikuwa amekwisha kung'oa nanga, na mimi ndiye niliyesimama majini mpaka kiunoni, nikamwomba, nikaongeza na fedha. Lile kopo ulilokuwa ukichotea maji yaliyoingia chomboni, mama yako alikuwa amelitia maziwa ya mdogo wako. Tulifika maiti imekwisha kuzikwa. Nilimwambia mama yako tusilitaje tena jambo lile, naye hakulitaja, na sasa nasikia kwamba wewe, kwa haraka ile ile na kwa mapenzi yale yale ya kuwahi kwa mzee, unataka kwenda kusimama Mkokotoni.

Kwa hiyo usinione kwamba nakukataza kwa ukali wa mwalimu. Nakukataza kwa sababu nimekwisha fanya.

Ukitaka kuja, njoo wakati skuli zimefungwa, upande boti kubwa ya mchana inayoshusha bandari ya Mkoani, na kabla hujakata tiketi usikilize redio siku mbili. Ukiambiwa vyombo vimezuiwa, rudi nyumbani kwa mkeo bila ya kugombana na mtu bandarini, na wala usitafute anayejua njia ya pembeni. Boti ikionekana imejaa, shuka, hata ikiwa umekwisha kulipa na hata ikiwa watu watakucheka. Ikiwa haraka imekushinda kabisa, basi panda ndege, ni kama nusu saa tu mpaka uwanja wa Chake Chake, na nauli ikikuzidi nitachangia mimi kutoka katika kiinua mgongo. Nilikuwa nimeziweka fedha hizo kwa ajili ya pipa la maji ya mvua, lakini pipa linaweza kungoja. Watoto usiwalete mpaka kusi litulie. Hilo la watoto silijadili.

Ukifika salama utatukuta kama nilivyokueleza, na kama bado utaona tunajitesa utaniambia mbele ya mama yako, naye atakujibu mwenyewe. Samaki ni wa kutafuta kwa siku hizi, kwa sababu wavuvi wengi wamevuta vyombo pwani, lakini majimbi yapo, muhogo upo, mashelisheli yapo, na mama yako ameweka kando kuku wawili bila ya kusema ni wa nani.

Barua hii atakuja nayo kijana wa jirani siku ya Jumatano, kwa boti ya mchana, nimemsimamia mwenyewe akakata tiketi. Atakaporudi mpe miwani ya mama yako ya kusomea, ipo katika mtoto wa meza upande wa dirisha, na kilo moja ya misumari ya bati, ile yenye mipira, si ile mitupu. Mfereji wa nyuma ya nyumba huko uzibuliwe kabla mpangaji hajaanza kulalamika, na bili ya maji ya Aprili nadhani niliilipa nusu, hebu tazama stakabadhi ndani ya kile kitabu cha hesabu. Dada yako mwambie apige simu baada ya Isha, ndipo mtandao hushika.

Na kijana huyo mpe na neno lako kwa mkono wako, umwandikie mama yako kwamba hutovuka kwa mashua. Kwa simu hatoamini. Anataka kulisoma.

Wasalaam,

Baba yako