Ushoroba uchorwe kabla ya viwanja

Mhariri, naomba nafasi nichangie ile habari yenu ya tembo kuvamia mashamba, maana kila ikitoka stori kama hiyo lawama zote anabebeshwa mnyama, hakuna anayeuliza hilo shamba limekaa wapi.

Chukua ushoroba, yaani njia ya kupita wanyamapori, wa Kwakuchinja, pale katikati ya hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara. Mvua zikianza nyumbu na pundamilia wanatoka Tarangire kufuata malisho, kiangazi wanarudi kwenye maji ya mto, ni njia yao tangu enzi na enzi, ila leo ukipita lami ya Arusha–Babati unaona mahindi, vibanda, na usiku malori yanakata mbio kama hakuna kiumbe kingine duniani. Njia ikizibwa hifadhi zinabaki visiwa, wanyama wanazaliana wenyewe kwa wenyewe na kizazi kinadhoofu.

Mwaka 2022 serikali ilitoa mpango wa shoroba 61 nchi nzima, safi sana, lakini sidhani kama kila mwenyekiti wa kijiji anayo hiyo ramani mezani. Nashauri halmashauri isipitishe mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji kama ushoroba haujachorwa humo na kuwekewa alama, na wenye mashamba walipwe fidia ya kueleweka, sio wasukumwe tu. Wenzetu Kenya walishatengeneza njia chini ya barabara ya Nanyuki–Meru, tembo wanapita chini, magari juu. Sisi tuanze hata na matuta ya maana.

Msomaji wenu,
Babati